Mume wa Shimoni, Mke wa Watamu

Silvanus aliingia katika gesti ya Mutunga kunywa chai ya bure, akatoka na biashara.

Chai ilikuwa ya bure kwa sababu mama mkwe wa Mutunga, bibi kutoka Chawia milimani aitwaye Tryphena, alikuwa na tabia ya kumletea kikombe mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi la mapokezi zaidi ya dakika tano. Hakuuliza kama ni mgeni wa chumba au mpita njia aliyekimbia jua. Jua la Voi halichagui mtu wa kumchoma, na yeye naye hakuchagua wa kumpoza.

Biashara nayo ilikuwa imesimama ukutani. Mutunga alikuwa amenunua tangi kubwa la kioo kutoka hoteli moja ya Diani iliyofungwa. Alilijaza maji aliyoyakoroga mwenyewe kwa chumvi maalumu ya mifuko, akapanga mawe, akatundika taa ya buluu na kuwasha mashine ya kutoa mapovu. Bahari nzima ilikuwa imefika Voi, isipokuwa samaki.

Silvanus akauliza, kwa sauti ya mtu anayempa mfiwa pole, samaki wamepatwa na nini.

Mutunga alikuja kutoka Ukambani akiwa kijana na gunia la misumari, na sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na gesti ya vyumba kumi na viwili. Mtu wa aina hiyo kwa kawaida hamwambii mtu mambo yake. Lakini aliye na tangi tupu la kioo hana cha kuficha. Akaeleza kwamba anataka wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa, wenye mistari mitatu myeupe, wanaoishi wawili wawili kama wazee wa kanisa. Si wa mapambo. Ni wa kuzalisha. Wakizoeana hutaga kila baada ya majuma mawili, mayai mamia, na watoto wao huuzwa kwenye mahoteli na kwenye nyumba za matajiri Nairobi. Mutunga alikuwa ameshapiga mahesabu mpaka kwa vitukuu vya samaki ambao hajawahi kuwaona.

Kilichomkosesha usingizi ni mgeni mmoja, mtafiti wa samaki, aliyelala chumba namba saba usiku mmoja tu. Huyo alimwambia kwamba samaki waliozaliwa kwenye mapipa mara nyingi ni wa tumbo moja. Ukinunua wawili mahali pamoja umenunua kaka na dada. Uzao wa kwanza unaweza kuonekana mzima, lakini ukiendelea kuoza ndugu kwa ndugu, hatimaye unapata samaki wenye midomo iliyopinda na mashavu yasiyofunika, wanyonge wasiofika sokoni.

"Nataka wawili ambao hata babu zao hawakuwahi kuonana," Mutunga akasema. "Na nataka karatasi ya kuonyesha hivyo. Nikiipata nalipa mara tatu."

Silvanus akaweka kikombe chini polepole. Kuuza samaki ni kazi ya mvuvi, na mvuvi huamka alfajiri. Kuuza ukoo wa samaki ilikuwa kazi ya mtu kama yeye.

Yafaa aelezwe kidogo, naye asilaumiwe sana, maana siku hiyo alikuwa hajala. Silvanus alikuwa na miaka thelathini na minne, suti moja, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia bata mwavuli. Mwaka uliopita aliwauzia wakulima wa Mboghoni dawa ya kufukuza ndovu, chupa za pilipili na oili chafu. Ndovu walikuja, wakala ndizi, halafu wakazichezea zile chupa kama mpira. Tangu hapo Silvanus hakupita tena Mboghoni, na hata Voi ilikuwa imeanza kumzoea, jambo ambalo ni baya kwa kazi yake. Alichotaka sasa ni kimoja: pesa za kuhamia Nairobi na kupanga ofisi ndogo yenye mlango wa kioo. Alikuwa ameona magari moshi yakielekea huko tangu utotoni. Safari hii alikusudia kupanda.

Jumanne asubuhi akashuka Mtwapa kwa mama mmoja aitwaye Kasyoka, aliyekuwa akizalisha samaki hao nyuma ya nyumba yake kwenye mapipa ya buluu yaliyokatwa nusu. Kasyoka hakuwa na siri. Alimwonyesha pipa moja lenye wadogo arobaini, akasema wote ni wa tumbo moja, wa kufuga tu achukue hata kumi. Kama anataka wa kuzaa angoje kidogo, maana kuna namna ya kufanya. Tena asimwamini mtu atakayemwambia huyu ni dume na yule ni jike, kwa sababu samaki hawa wote huanza wakiwa madume, na wawili wakikaa pamoja, yule mkubwa ndiye anayegeuka kuwa jike.

Silvanus alisikia "tumbo moja" na "bei rahisi", mengine yakapita juu ya kofia. Kungoja ni nauli ya siku nyingine. Akachagua wawili wanaolingana, akalipa. Kasyoka alitia hewa ya ziada kwenye mifuko ya plastiki, kisha akaifunika kwa leso yake mwenyewe ili mwanga wa njiani usiwatie samaki hofu. Alimwambia atairudisha siku yoyote atakayopita tena. Hakumjua hata jina.

Jioni ile, kwenye saiba, kibanda cha kompyuta karibu na soko la Voi, Silvanus alichapisha Cheti cha Kutokuwa na Undugu. Mume: mzaliwa wa Shimoni. Mke: mzaliwa wa Watamu. Chini yake aligonga mihuri mitatu, mmoja ukiwa wa chama cha wafuga kuku kilichovunjika zamani. Mwenye saiba akauliza kama waweke na dini. Silvanus akafikiri, akaona itakuwa kuzidisha.

Jumatano samaki waliingia majini. Mutunga alisoma cheti mara mbili huku akitingisha kichwa, akamhesabia Silvanus nusu ya malipo. Angemalizia palepale, kama Tryphena asingekuja na birika.

Bibi huyo aliinama kwenye kioo, akatazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa kutazama. Kisha akauliza, kwa upole uleule aliotumia kuuliza kama sukari imetosha, hawa ni wa nani.

Silvanus akampa cheti. Tryphena akasema miwani yake haisomi mihuri, na tena kwao milimani karatasi haijawahi kuoa. Mtoto akitaka kuoa, wazee wa pande mbili huketi, hutajiana nyumba na nyumba, mpaka ijulikane kwamba damu haijakutana. Hapo ndipo watu hula. Alikuwa ameona ndoa tatu zikisimamishwa hivyo, moja keki ikiwa tayari mezani. Sasa chini ya paa hili panafungwa ndoa, na hakuna mzee hata mmoja aliyeitwa.

Mkamba hambishii mama mkwe. Hata kumtazama usoni hamtazami, na meza moja haketi naye. Katika miaka kumi na miwili ya kumwoa Wendy, Mutunga alikuwa ameongea na mkwewe kwa kupitia ukuta, mlango na wakati mmoja ng'ombe. Akaugeukia ukuta.

"Mama amesema," akauambia ukuta. "Lete wazee Ijumaa saa tisa. Nusu iliyobaki utaipata wakishakubaliana."

Mtu mwingine angetoweka na ile nusu. Lakini nusu haikufika kwenye mlango wa kioo. Ingefika kwenye dirisha tu. Silvanus akakata tikiti ya basi la Nairobi la Ijumaa usiku, kisha akaenda kumtafuta mzee.

Alimpata Ronald, aliyewahi kuwa mpiga mnada wa mbuzi na aliyekuwa na sauti ya kuamsha mji. Mpango ulikuwa rahisi. Ronald angekuja kama mfugaji wa Shimoni, mzee wa upande wa mume. Silvanus mwenyewe angesema kwa niaba ya upande wa mke. Siku nzima ya Alhamisi walijifunza vizazi vinne vya samaki mpaka Ronald akaanza kuwaonea huruma wale waliokufa.

Ijumaa saa tisa watu waliketi. Tryphena alikuwa amepika maharagwe na viazi, ametandika kitambaa cheupe mezani. Alipoona kiatu cha Ronald kimepasuka mbele, aliwaambia wote wavue viatu kwa sababu sakafu imepigwa deki, ili asiwe peke yake miguu mitupu. Mutunga aliketi kibarazani, mgongo kwa mlango, sikio ndani.

Ronald aliulizwa mume ni wa nyumba ya nani. Akasimama. Alisema ni wa nyumba ya jiwe la tatu, Shimoni, ukitoka gatini. Babake alikuwa mkubwa wa mwamba ule. Nyanya yake alitoka Wasini akaolewa pale. Babu wa babu hakuwahi kuvuka kuja upande wa Watamu hata siku moja, kwa sababu ya mkondo. Alisema vizuri hata akasahau kuacha, akaongeza na mjomba mmoja aliyebatizwa, ambaye hakuwa kwenye mafunzo.

Tryphena alimshukuru, akamwongezea maharagwe. Kisha akamgeukia Silvanus.

"Mke ametoka Watamu," Silvanus akaanza.

"Huyo nitamfikia. Kwetu anayemsemea binti husema kwanza yeye mwenyewe ni wa nani. Wewe ni wa nani, mwanangu?"

Swali dogo kama hilo. Silvanus alikuwa amewahi kuwa mtoto wa chifu wa Taveta, mpwa wa askofu, na kwa juma moja daktari wa mifugo. Lakini siku hiyo alikuwa amejiandaa kutaja babu za samaki, si wa kwake. Kabla hajatunga chochote, kweli ikamponyoka kama sabuni ya kuoshea vyombo. Alisema mamake aliitwa Mumbe, alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha kwenye stesheni ya zamani, akafariki yeye akiwa darasa la sita. Babake hakumjua. Aliambiwa tu alikuwa fundi wa mawe, aliitwa Geoffrey, alitoka milimani, akaenda kazini na hakurudi.

Ronald aliacha kutafuna.

Tryphena akaweka birika chini.

"Geoffrey, fundi wa mawe," akasema polepole. "Wa Chawia. Alikuwa akichechemea kidogo, sivyo?"

Ndani ya kichwa cha Silvanus taa zote zikawaka. Hapa kuna bibi mwenye shamba Chawia na kiwanja hiki chini ya gesti, maana mji wote ulijua kiwanja ni chake. Na bibi huyu amemchukulia kuwa mtu wake. Pesa za samaki zikawa kama chenji. Riziki ya namna hii mtu haikimbii.

"Mguu wa kushoto," akasema, na macho yakamlowa kwa wakati wake. "Mama alinielezea hivyo hivyo, nyanya. Mguu wa kushoto."

"Usiniite nyanya. Geoffrey alikuwa kaka yangu mdogo. Mimi ni shangazi yako."

Akapiga kigelegele ambacho kilimtoa mgeni wa chumba namba nne akiwa na taulo. Wendy akaja mbio kutoka jikoni, akasikia, akamtazama mamake kwa mshangao, akatazamwa, akamkumbatia binamu. Silvanus alikumbatiwa na watu wengi zaidi dakika ile kuliko mwaka wote uliopita. Alipokumbatiwa alipiga hesabu, lakini hesabu zilimpotea njiani mara moja au mbili.

Walipotulia, Tryphena akasema kwamba basi mambo yamekuwa mepesi. Silvanus ni binamu wa Wendy. Kwa hiyo Mutunga ni shemeji yake.

"Na kwetu," akamalizia, akipangusa mikono, "mtu hamuuzii shemeji. Anampa. Ulichopokea Jumatano, mrudishie."

Silvanus akatazama mlango. Mutunga alikuwa ameshasimama pale, amefumba macho kwa ajili ya mama mkwe, kiganja wazi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akinung'unikia mila za Wadawida, watu wa mama mkwe wake, kila zilipomgharimu mbuzi. Sasa akasema mila ni kitu kizuri sana, vijana wa leo wanapotea kwa kuziacha. Nusu ikahesabiwa kurudi kiganjani. Ronald, ambaye fungu lake lilikuwa ndani ya ile nusu nyingine, alimaliza maharagwe yake kwa heshima, akabusu mkono wa bibi, akaondoka akiwa na viazi vya kupeleka nyumbani.

Silvanus alijifariji. Nusu ni mbegu tu, shamba ndilo lenye mavuno. Alikuwa bado akijifariji hivyo shangazi alipomshika mkono, akampeleka kwenye tangi wakiwa wawili tu.

"Tazama huu mstari wa katikati," akanong'ona. "Umekatika hapa chini ya ubavu. Sasa mtazame mwenzake."

Ulikuwa umekatika palepale.

"Nimechunga mbuzi tangu sijaota meno ya pili," akasema. "Mbuzi hana cheti, lakini sikio la baba nalitambua hata nikikutana nalo Mwatate. Hawa walilala tumbo moja."

Silvanus akauliza amejua tangu lini. Tangu Jumatano, akajibu. Na mbona hakusema?

"Ningesema, mkwe wangu angekuita mwizi mbele za watu. Sasa unaitwa shemeji yake. Ila shemeji hawezi kuozesha ndugu kwa ndugu hapa nyumbani. Kesho umrudishe mmoja, ulete mwingine wa nyumba nyingine. Nauli unayo?"

Alikuwa na tikiti ya Nairobi. Akaenda akairudisha, wakamkata asilimia, na zilizobaki zikatosha kwenda Mtwapa na kurudi.

Kasyoka alimpokea na mfuko wake bila kushangaa, leso ikiwa juu. Akachukua daftari, akafungua ukurasa wa pipa lile, akafuta mmoja. Kisha akamwonyesha pipa la pili. Alisema kila Alhamisi mfugaji mwenzake wa Shimoni humletea wadogo wa ukoo wake, naye humpa wa kwake, wakabadilishana hivyo ili mapipa yasije yakajaa ndugu. Mtu akitaka wa kuzaa humpa mmoja wa huku na mmoja wa kule. Bei ni ileile. Kumbadilishia hamlipishi kitu.

Silvanus akauliza kwa nini hakumwambia.

"Nilikuambia ungoje," Kasyoka akasema. "Wewe ulikuwa umeshashika mlango."

Kwa hiyo samaki aliyepanda naye treni Jumamosi mchana alikuwa kweli wa Shimoni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake karatasi aliyoiandika Silvanus kugeuka kuwa ya kweli, ingawa nusu tu. Hata hiyo nusu haikudumu, kwa sababu yule mume mpya alikuwa mkubwa kuliko mke. Baada ya kusukumana kidogo kwenye mawe, mke wa Watamu aliinamisha kichwa na kutetemeka mbele yake kama mtu anayeomba msamaha. Silvanus, aliyekumbuka sasa yale yaliyopita juu ya kofia, alimweleza shemeji kwamba mume huyu ndiye atakayetaga. Mutunga, aliyeambiwa tu kwamba mama mkwe amemkataa mume wa kwanza, akakisoma cheti upya, akakigeuza nyuma, akaenda kulala.

Silvanus akabaki mapokezi na Wendy. Akaona ni wakati wa kuanza kulima shamba lake, kwa maneno. Akamuuliza binamu, kwa huzuni ya kiasi, kama kuna picha yoyote ya marehemu babake nyumbani Chawia. Na kama kuna sehemu ya ardhi aliyokuwa akiilima Geoffrey, hata aione tu kwa macho.

Wendy aliendelea kukunja mashuka.

"Mama hakuwa na kaka," akasema. "Babu alizaa wasichana watano, basi."

Shuka moja likakunjwa. La pili likakunjwa.

Silvanus akamkuta Tryphena nyuma ya gesti, ameketi kando ya ndoo, akipima chumvi ya tangi kwa kikombe. Akasimama mbele yake. Mtu aliyeuza chupa za oili kwa wenye ndovu, aliyewaoza samaki kwa muhuri wa kuku, alijua kazi nzuri akiiona. Hakuweza hata kukasirika sawasawa.

"Shangazi. Nasikia hukuwa na kaka."

"Sikuwa naye."

"Na Geoffrey aliyechechemea?"

"Mimi niliuliza tu," Tryphena akasema. "Mguu wa kushoto uliuleta wewe."

Silvanus alianza kucheka, akaachia katikati. Akaketi kwenye ngazi. Akasema basi mambo yamekwisha, samaki wamepatikana, pesa zimerudi kwa mwenyewe, hana deni na mtu. Basi la Nairobi lipo hata leo, atatafuta namna.

Tryphena hakumzuia. Alisema chumba cha nyuma kina kitanda na neti, lakini mtu mzima halazwi kwa nguvu. Akapima vikombe viwili zaidi, akakoroga. Kisha akasema, kama jambo lililomponyoka tu, kwamba leo asubuhi alipitia kanisani, akampa mchungaji jina la Silvanus, litangazwe kesho pamoja na wageni: mtoto wa kaka yake, aliyepotea akapatikana.

"Nimesali kanisa lile miaka hamsini," akasema. "Sasa ukiondoka leo usiku, kesho mimi nitaonekana mwongo."

Silvanus alikuwa ameombwa mambo mengi maishani, mengi yakiwa ni kurudisha. Kuokoa jina jema la mtu hakuwahi kuombwa. Akamtazama yule bibi, aliyekuwa akikoroga maji bila haraka wala aibu, akaona hakuna upande wa kutokea.

"Ibada ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu. Suti hiyo nivulie, niipige pasi."

Akavua koti, akampa. Kisha akanyanyua ndoo ya maji ya chumvi, akaingia nayo ndani.